Rimoti ya Gari Inapogoma

Umebonyeza, gari halikuitika. Umesogea karibu ukabonyeza tena kwa nguvu, na bado taa za pembeni hazikuwaka wala kitasa hakikulia. Kabla hujampigia fundi kuulizia bei ya ufunguo mpya, tulia. Rimoti nyingi zinazoitwa mbovu bado ni nzima. Nyingine betri yake imeisha, nyingine imepotezana hesabu na gari, na nyingine haina kosa lolote, tatizo liko kwenye gari lenyewe. Inaniuma kuona mtu mwenye kipato cha kawaida akilipishwa ufunguo mpya na kuprogramu juu, wakati kilichohitajika ni betri bapa ya bei ndogo. Nimeandika mwongozo huu ili ujue kilichokufa ni kipi kabla hujatoa hela.

Ukiwa umekwama sasa hivi

Kama rimoti yako imeungana na ufunguo wa chuma, fungua mlango kwa chuma na uwashe gari kama kawaida. Mara nyingi litawaka.

Kama gari lako ni la kuwasha kwa kitufe na ufunguo hubaki mfukoni, igeuze rimoti utafute kidude kidogo cha kutelezesha au kubonyeza pembeni. Ukikisukuma, ufunguo mwembamba wa chuma utachomoka. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva, ambao kwa magari yetu mengi yatokayo Japani ni wa kulia. Kwenye baadhi ya magari tundu halionekani kwa sababu limefunikwa na kifuniko cha plastiki mwishoni mwa kitasa. Angalia chini ya kifuniko hicho kuna upenyo. Ingiza ncha ya ufunguo hapo ukibandue taratibu. Alamu ikianza kulia baada ya kufungua, usikimbie. Itanyamaza gari likiwaka.

Kuwasha ndiko kunakowashinda wengi, na wengine huvutwa na gari jingine hadi gereji bila sababu. Kwenye Toyota, weka gia kwenye P, kanyaga breki, kisha gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo ukikielekea kitufe. Utasikia mlio, au utaona taa ya kitufe ikiwa ya kijani. Ndani ya sekunde 10 bonyeza kitufe, injini itawaka. Nissan na Mazda nyingi za kitufe hufuata utaratibu huohuo, ingawa baadhi ya Nissan za zamani zina tundu la kuchomeka rimoti karibu na stelingi. Kwenye baadhi ya Mercedes-Benz kitufe chenyewe huchomolewa, nyuma yake kuna tundu la ufunguo. Kwenye BMW na Volkswagen mahali pa kugusisha huwa ni pembeni ya nguzo ya stelingi.

Kitabu cha gari lako kina ukurasa wa jambo hili. Najua magari mengi hufika Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Kama kipo, usikidharau: picha za ukurasa huo hujieleza, na maneno unaweza kuyatafsiri kwa kamera ya simu. Jaribu utaratibu huo ukiwa nyumbani, mchana, siku ambayo hujakwama.

Ufunguo mmoja, kazi tatu

Ufunguo wa gari la kisasa una kazi tatu zinazojitegemea. Ya kwanza ni ya chuma: kuzungusha kitasa. Ya pili ni ya redio: kutuma amri ya kufunga na kufungua milango kutoka mbali, na hiyo ndiyo inayokula betri. Ya tatu ni ya chipu, kitu kidogo kilichofichwa ndani ya plastiki ambacho hulithibitishia gari kwamba ufunguo huu ni wake. Chipu haihitaji betri. Hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi ya kuwashia, au iliyo nyuma ya kitufe, kwa umbali wa sentimita chache tu. Ndiyo maana rimoti isiyo na betri bado huwasha gari ukiigusisha.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kazi ipi iliyokufa. Milango haiitiki lakini gari linawaka? Tatizo liko upande wa redio, na mara nyingi ni la bei ndogo. Milango inaitika lakini injini haiwaki, na kwenye dashibodi taa yenye mchoro wa gari na kufuli au ufunguo inaendelea kuwaka au kumetameta baada ya kufungua swichi? Hapo gari halijaitambua chipu, na kubadilisha betri mara kumi hakutasaidia.

Ufunguo wa mfukoni una jambo la ziada. Unapogusa kitasa, gari huuita kwa mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi karibu 125 kHz, yanayofika kama mita moja tu. Ufunguo husikia wito na kujibu kwa masafa ya juu. Maana yake unasikiliza saa zote, na betri yake huliwa hata usipobonyeza chochote. Betri ikianza kuchoka, utaona kugusa kitasa hakufungui mlango, ilhali kubonyeza rimoti bado kunafungua.

Betri

Dalili za betri kuisha huja mapema. Umbali hupungua: ulizoea kufungua gari ukiwa upande wa pili wa barabara, sasa mpaka ulifikie. Unabonyeza mara mbili tatu ndipo liitike. Taa ndogo ya rimoti inafifia. Kwa ufunguo wa mfukoni, Toyota hukadiria maisha ya betri kuwa mwaka mmoja hadi miwili. Kwa hiyo ukinunua gari lililotumika na hujui betri iliwekwa lini, badilisha tu.

Namba iliyochorwa juu ya betri ndiyo ya kufuata. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule lakini unene wa 2.5, na CR1632 ni nyembamba kwa upana: milimita 16 kwa 3.2. Funguo nyingi za mfukoni za Toyota huchukua CR1632. Nissan nyingi huchukua CR2025 au CR2032. Zote ni za volti 3, na hapo ndipo muuzaji anapokwambia "hii nayo itafanya." Haitafanya vizuri. Ukiweka 2025 mahali pa 2032, upungufu wa milimita 0.7 huilegeza betri, rimoti inafanya kazi ukiitikisa na kugoma ukiitoa mfukoni. Kisha unaambiwa rimoti ni mbovu.

Kuifungua, anza kwa kutoa ufunguo wa chuma kama upo ndani. Mara nyingi tundu lake ndilo lenye upenyo wa kubandulia. Tumia bisibisi bapa ndogo iliyozungushiwa utepe au kitambaa, zungusha polepole, usichokonoe. Kabla hujatoa betri piga picha, uone upande wa alama ya kujumlisha umeangalia wapi. Kuweka betri kichwa chini ni kosa la kawaida kuliko unavyodhani. Shika betri mpya kwa kingo, si kwa nyuso zake mbili, maana mafuta ya vidole huzuia umeme. Futa vyuma vya kugusia kwa spiriti na pamba. Ukiona rangi ya kijani au nyeupe, hiyo ni kutu ya unyevu, na kwa wanaokaa Tanga, Lamu au Zanzibar si jambo geni. Ifute kwa ufutio wa penseli taratibu, kisha kwa spiriti.

Mita ya umeme itakusaidia, lakini isikudanganye. Betri mpya husoma volti 3 na ushee. Ikisoma chini ya 2.9, itupe. Ila betri iliyochoka inaweza kusoma 3 ikiwa imekaa mezani, halafu ikaporomoka pale kitufe kinapobonyezwa na rimoti kuhitaji nguvu ya kutuma mawimbi. Kipimo cha kuaminika ni kuweka betri mpya kabisa, iliyotoka kwenye pakiti yenye tarehe ya mwisho inayosomeka. Zile zinazouzwa moja moja kutoka kwenye kopo, zimelalana zikigusana, zimekuwa zikijimaliza tangu zilipowekwa humo.

Kuna jambo jipya ambalo hata mafundi wengine hawajalisikia. Baadhi ya betri bapa, zikiwemo za Duracell, hupakwa dawa chungu ili mtoto akiweka mdomoni aiteme. Kwenye rimoti nyingine utando huo huzuia mguso, na betri mpya inaonekana kama imekufa. Futa uso wa betri kwa spiriti ujaribu tena.

Na hilo la mtoto si la kupitia haraka. Betri bapa ya lithiamu ikikwama kwenye koo la chakula la mtoto inaweza kuunguza nyama za ndani ndani ya saa 2. Usiache ya zamani mezani unapohangaika na mpya. Ukishuku mtoto amemeza, mkimbize hospitali hapohapo, usimtapishe, na waambie waziwazi kwamba ni betri.

Watu huogopa kwamba kutoa betri kutaifuta rimoti. Kwa rimoti za kiwandani za magari tunayoyazungumzia, hapana. Namba za siri hukaa kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri. Anayekutoza hela ya kuprogramu kwa sababu tu amebadilisha betri, muulize anaprogramu nini.

Umeweka betri mpya, bado kimya

Tafuta ufunguo wa pili. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hiki: wa pili ukifanya kazi, tatizo liko kwenye rimoti, zote mbili zikigoma, karibu kila mara tatizo liko kwenye gari.

Kwa upande wa gari, betri kubwa ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ikiwa imekufa, kipokezi cha rimoti hakina umeme na vitasa havina nguvu ya kusogea. Fungua kwa chuma uangalie taa ya ndani. Ikiwa haiwaki au imefifia, achana na rimoti, tafuta nyaya za kubusti. Betri kubwa ikiwa nzima, nenda kwenye fyuzi. Kwenye magari mengine fyuzi ya taa ya ndani ndiyo hiyohiyo inayolisha kipokezi, kwa hiyo ukiona taa ya ndani nayo imezimika, umepata njia.

Angalia pia tabia ya gari. Taa za pembeni zikimetameta unapobonyeza lakini mlango mmoja haufungi, rimoti yako haina kosa, gari limeisikia. Kilichochoka ni mota ya kitasa cha mlango huo, au waya zimekatika pale zinapopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi, kwa sababu hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Na kama gari linakataa kufunga kabisa, hakikisha hakuna mlango ulioachia kidogo, buti imefungwa, gia iko P, na ufunguo mwingine haujasahauliwa ndani. Magari mengi hukataa makusudi katika hali hizo.

Mahali nako kuna mchango wake. Rimoti inaweza kugoma chini ya mnara wa mawasiliano na kufanya kazi vizuri mtaa wa pili. Chaja ya bei rahisi iliyochomekwa garini au simu iliyolaliana na ufunguo mfukoni zinaweza kuziba mawimbi. Toyota hushauri ufunguo wa mfukoni ukae angalau mita 1 kutoka kwenye televisheni, kompyuta na chaja za simu, maana vifaa hivi huufanya ufunguo uhangaike na kumaliza betri. Kadhalika usiutundike ukutani karibu na gari lilipoegeshwa, kwani vitaitana usiku kucha.

Kuna sababu nyingine ya kugoma isiyotokana na ubovu: wizi. Afrika Kusini inajulikana sana kwa wezi wa maegesho wanaotumia kifaa cha kuziba mawimbi wakati mwenye gari anabonyeza kufunga. Mwenye gari anaondoka akijua amefunga, kumbe mlango uko wazi. Rimoti ikigoma ghafla kwenye maegesho ya watu wengi kisha ikapona ukifika nyumbani, lifikirie hilo. Vuta kitasa kwa mkono kila unapofunga gari. Ukikuta halifungi kabisa mahali hapo, funga kwa chuma au hamisha gari.

Iwapo ufunguo wa pili unafanya kazi na wa kwanza umekataa hata baada ya betri mpya, huenda umepotezana hesabu na gari. Kila ukibonyeza, rimoti hutuma namba mpya ili mwizi asiweze kunasa ya jana na kuirudia. Gari nalo lina hesabu yake. Mtoto akichezea kitufe sebuleni mchana kutwa, rimoti husonga mbele na gari hubaki nyuma. Katika mfumo wa KeeLoq, mmoja wa mifumo inayojulikana zaidi, gari husamehe likipitwa kwa hatua 16. Likipitwa zaidi linahitaji libonyezewe mara mbili mfululizo ndipo vipatane tena. Kwa hiyo simama karibu na mlango, bonyeza mara mbili ukipumzika kidogo katikati, kisha washa gari kwa ufunguo huohuo na ujaribu tena.

Kwa Toyota za ufunguo wa mfukoni, kuna uwezekano umewasha hali ya kubana betri bila kujua. Kwenye matoleo yenye uwezo huo, hutokea ukishikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili. Taa ya rimoti humetameta mara nne, na kuanzia hapo kugusa kitasa hakufanyi kitu. Dawa yake ni kubonyeza kitufe chochote.

Kitu cha mwisho kabla ya fundi ni vitufe vyenyewe. Fungua rimoti, acha betri mahali pake, bonyeza swichi ndogo iliyo juu ya bodi kwa ukucha. Gari likiitika, mpira wa juu ndio uliochoka. Lisipoitika, huenda swichi imeachia risasi yake, na fundi wa simu mwenye mkono mzuri ataiunga upya kwa gharama ndogo kuliko ufunguo.

Iliyoingia maji, toa betri mara moja na usibonyeze chochote. Kama ni maji ya bahari au ya sabuni, suuza bodi kwa maji safi, mwagia spiriti, kausha kivulini siku moja au mbili. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayoila bodi.

Na yale ya mitandaoni? Kumpigia simu aliye nyumbani abonyeze rimoti ya akiba karibu na simu hakufungui gari, kwa kuwa rimoti hutuma mawimbi ya redio, na simu hubeba sauti. Kuipima kwa kamera ya simu kunafaa kwa rimoti ya televisheni yenye mwanga usioonekana, si kwa hii. Lakini kuiweka chini ya kidevu unapobonyeza kunasaidia kweli: maji ya mwilini hupanua mawimbi, na unaweza kupata mita kadhaa za ziada.

Kava jipya na chipu iliyotupwa

Hapa ndipo ninapoomba usikilize kuliko mahali pengine popote. Vitufe vikichakaa, watu hununua kava jipya Kariakoo au River Road, wanahamisha bodi na betri, wanatupa kava la zamani. Siku hiyohiyo gari linafungua milango vizuri kabisa na kukataa kuwaka. Kwenye funguo nyingi chipu haiko kwenye bodi. Imekaa peke yake ndani ya plastiki ya zamani, kama kipande cheusi kidogo kama punje ya mahindi au kijichupa chembamba cha kioo, mara nyingine kimegandishwa kwa gundi. Usitupe kava la zamani mpaka gari limewaka kwa jipya, likazimwa, likawashwa tena. Kama ulilitupa jana, kalitafute kwenye taka leo.

Ukilazimika kununua

Kufanana sura si kufanana kazi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa ya karibu 312 hadi 315 MHz; ya Ulaya hutumia 433.92. Ndugu yako akikuletea kutoka Uingereza rimoti ya Toyota inayofanana kabisa na yako, gari lako la kutoka Japani halitaisikia kamwe, hata fundi ahangaike vipi. Mpe fundi namba ya chesisi na namba zilizoandikwa kwenye bodi ya rimoti ya zamani, siyo picha ya nje tu. Kuwa mwangalifu pia na rimoti iliyotumika: ufunguo wa mfukoni wa Toyota uliokwisha kusajiliwa kwenye gari jingine kwa kawaida haukubali gari jipya mpaka ufunguliwe kwa mashine maalumu.

Magari mengi yaliyotumika huja na ufunguo mmoja. Tengeneza wa pili sasa, ukiwa bado na mmoja unaofanya kazi. Fundi akiwa na ufunguo hai, kazi ni kuongeza jina kwenye orodha. Funguo zote zikipotea, anaweza kulazimika kuvunja ulinzi wa gari kwanza, na bei hupanda mara kadhaa. Kama ufunguo umepotea au umeibiwa, toa taarifa polisi, na mwambie fundi aufute kwenye kumbukumbu ya gari, si kuongeza mpya tu.

Kaa hapo anapofanya kazi. Mashine yake ikishaunganishwa chini ya stelingi, magari mengi huonyesha idadi ya funguo zilizosajiliwa. Omba uione kabla na baada. Ulikuwa na mmoja, umeongeza mmoja, lazima isome mbili. Ikisoma tatu, mwambie afute zote asajili upya zile mbili zilizo mkononi mwako. Kisha, kabla hujalipa, chukua kila ufunguo peke yake na mwingine ukiwa mbali: funga na ufungue kwa kitufe, zungusha chuma kwenye mlango wa dereva, washa injini, zima, washa tena.